Mnaoniita "Rubani wa Treni"

Tangu ile safari ya Machi, kila nikiingia mkutanoni nasikia "rubani wa treni huyo!" Nimecheka nanyi vya kutosha. Leo naomba nijitetee, maana hata wahandisi wenzangu wamo kwenye kundi la wachekaji.

Kisa mnakijua. Niliwarusha wenzetu wawili kwa Cessna 172 ya klabu, tukaenda kuangalia bahari. Wakati wa kurudi upepo ukageuka. Nikajaribu kutua mara mbili, mara zote mbili nikapaa tena, mwisho nikatua uwanja mwingine na tukarudi kwa treni. Eti niliogopa!

Tupige hesabu basi. Upepo ulikuwa noti 25, kama kilomita 46 kwa saa, ukitoka nyuzi 50 kushoto kwa mstari wa barabara ya ndege. Zidisha 25 kwa sine ya 50, unapata noti 19 za upepo wa ubavuni. Kitabu cha Cessna 172 kinasema waliijaribu hadi noti 15. Haina maana kwamba 16 ni marufuku, lakini 19, tena kwa rubani mwenye leseni changa kama mimi? Jamani.

Aliyewahi kuvuka mkondo kwa mtumbwi anajua kwamba omo huielekezi kule unakokwenda, unaipandisha kidogo dhidi ya maji. Ndege nayo inakuja hivyo hivyo, pua imeangalia upepo, inakwenda upande upande kama kaa. Ila ukigusa lami katika hali hiyo, magurudumu yanaburutwa kwa ubavu na unaweza kuishia majanini. Kwa hiyo karibu na ardhi unalaza bawa la upande wa upepo, na kwa mguu unakanyaga pedali ya upande wa pili mpaka pua inyooke na barabara. Gurudumu la upande wa upepo linagusa kwanza, halafu mwenzake, la pua mwisho. Na usukani usiuachie mpaka ndege isimame kabisa. Wengi wanaharibu hapo, wanadhani wameshafika.

Sasa mimi mguu wa kulia ulikuwa umegota. Pedali imeisha, pua bado iko kushoto, na mstari wa katikati unanikimbia. Hapo ushujaa utaongeza nini? Pedali ikiisha imeisha. Nikasukuma injini hadi mwisho tukapaa.

Kosa langu mimi naliona kwingine, kwenye lile jaribio la pili. Upepo haukuwa umepungua hata kidogo. Nilirudi kwa sababu ya aibu, nikiwa na roho za watu wawili nyuma ya mgongo wangu. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, na hakuna hata mmoja wenu aliyenisema kwa hilo!

Uwanja wa jirani barabara yake inapishana na upepo kwa nyuzi 10 tu, yaani noti 4 za ubavuni. Tulitua salama salimini.

Mkienda likizo mkapanda vile vindege vya Dar na Zanzibar, rubani akighairi kutua akapaa tena, tafadhali msimgunie.

Halafu, ndege nilikwenda kuichukua kwa gharama zangu. Lakini nauli ya treni, kuna mmoja wenu bado hajanirudishia.