Kijana na Chombo cha Kuhariria Video

Wazee wetu walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Neno hili ni la haki, kwani lamfungia mvivu mlango wa visingizio. Lakini hapana mkulima wa Kyela aingiaye katika jaruba la mpunga na shoka begani. Kuchagua kwa uvivu ni jambo moja, na kuchagua kwa akili ni jambo jingine.

Twayasema haya kwa ajili ya vijana wetu wa Ndandalo, na wenzao wa mwambao wa Ziwa Nyasa mpaka Matema, ambao siku hizi hupiga video za arusi, za maulidi na za mahafali ya madrasa. Wengine hufanya kwa kujifurahisha, na wengine wataka iwe kazi ya kuwalisha. Swali lao ni moja: tuhariri kwa programu gani?

Kwanza itazamwe kazi yenyewe. Mwenye kutaka kuunga vipande vichache vya mawimbi ya ziwa, au vya kakao ianikwapo juani, simu yake yamtosha. KineMaster na CapCut zote hufanya kazi katika simu. Lakini KineMaster ya bure huacha alama yake juu ya picha, na CapCut ina sehemu za bure na sehemu za kulipia. Alama hiyo si neno kwa mwenye kucheza. Lakini baba aliyelipia video ya arusi ya binti yake hatapenda kuiona.

Pili itazamwe kompyuta. Kwa kompyuta ya kawaida, Shotcut na Kdenlive (hii ya pili ilianzishwa mwaka 2002) ni vyombo vyema, vya bure, visivyoacha alama. Vyote viwili huweza kutengeneza nakala nyepesi za video, ukahariri kwa hizo bila ya kompyuta kukwama, kisha kazi ya mwisho ikatolewa kwa picha za asili. Tena wenyewe wametoa ruhusa ya kuzinakili. Kijana mmoja aweza kutumia bando lake kuipakua mara moja, kisha akawapa rafiki zake kumi kwa fleshi, wala asiwe na lawama.

DaVinci Resolve ya kampuni ya Blackmagic Design ya Australia yasifika sana kwa kazi ya rangi. Toleo lake la bure hutoa picha hadi nukta 3840 kwa 2160, na haliachi alama maadamu hukugusa vipengele vya toleo la kulipia. Lakini chombo hiki chataka kompyuta yenye nguvu: kumbukumbu ya gigabaiti 16 na kadi nzuri ya picha. Mwenye gigabaiti 4 atapata taabu tupu.

Tatu utazamwe mfuko. Tangu mwaka 2013 Adobe iliacha kutoa matoleo mapya ya Premiere Pro ya kununuliwa mara moja, ikashika njia ya ada ya mwezi au ya mwaka. Final Cut Pro nayo hufanya kazi katika vyombo vya Apple tu. Hatusemi kuwa ni vibaya, kwani mafundi wakubwa wavitumia. Lakini nyumba nyingi za Kyela huishi kwa mpunga na kakao. Fedha huja kwa msimu, na ada ya mwezi haingoji mavuno. Yampasa kijana ahesabu: je, katika miezi isiyo na arusi, nani atailipa?

Hapa ndipo wengi huteleza. Huambiwa kwamba iko nakala ya Premiere iliyovunjwa kufuli, yapatikana kwa shilingi chache. Ndugu vijana, huko ni kutwaa mali ya mtu bila ya idhini yake. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwezi wa Desemba 1988, liliamua kwamba haki za utungaji na za uvumbuzi zalindwa na Sharia, wala haijuzu kuzivamia. Sheria ya Tanzania ya hakimiliki ya mwaka 1999 nayo yazilinda programu za kompyuta. Zaidi ya hayo, nakala hizo mara nyingi hubeba virusi viharibuvyo kazi ya watu. Lau hapangekuwa na programu za bure, mtu angesingizia dhiki. Lakini ziko, na ni nzuri. Ya nini basi kulitia doa chumo lako tangu mwanzo?

Jambo la mwisho ni amana. Kamera irekodiyo megabiti 20 kwa sekunde hujaza gigabaiti 9 kwa saa moja. Arusi ya saa nne ni gigabaiti 36. Weka nakala mbili katika diski mbili mbalimbali, wala usiifute kadi ya kamera mpaka wenyewe wamepokea kazi yao. Umeme ukikatika, arusi hairudiwi. Na picha za wanawake katika ukumbi wao zihaririwe ndani ya kompyuta yako, zisipandishwe katika intaneti, wala zisionyeshwe kwa rafiki kama mfano wa ufundi wako, ila kwa idhini ya wenyewe.

Basi shauri letu kwa wazazi na vijana ni hili: shikeni programu moja ya bure, mwitumie msimu mzima wa arusi mpaka mkono uizoee. Kazi ikizidi uwezo wa chombo, na faida yake ikatosha kulipia kilicho kikubwa, nunueni kwa halali. Mteja haulizi jina la programu; hutazama kama sauti yasikika, kama picha imetulia, na kama siri ya nyumba yake imehifadhiwa.