Mwenye kushika taa naye iko na jina

Muchana kisha kula, kama umeme uko, wamama wengi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wanaikala mbele ya televizio juu ya kufuata novela yao. Wanajua jina la mwenye kupenda na la mwenye kusaliti. Lakini nani anajua jina la fundi mwenye kuweka taa, wa yule mwenye kukamata sauti, ao wa mama mwenye kushona ile kanzu? Hakuna.

Kule Marekani waliona deni hilo. Tangu mwaka 1974 wanatoa zawadi za Emmy kwa vipindi vya muchana, na ndani yake iko zawadi za peke kwa watu wa nyuma: kamera, taa, sauti, kuunganisha picha, mavazi, nywele, kupaka uso, dekori. Na wenye kupima kazi ni watu wa kazi ile ile. Si waziri, si mwenye makuta. Fundi anapimwa na fundi mwenzake.

Jina lenyewe Emmy lilitoka kwa chombo. Mafundi wa zamani walikuwa wanaita mupira wa kioo wa ndani ya kamera « Immy », wakageuza kidogo ikakuwa Emmy. Sanamu ya mwanamuke mwenye mabawa ilichorwa na injinia wa televizio, Louis McManus, akifuata umbo la bibi yake. Zawadi ya kwanza ilitolewa 1949. Kumbe heshima hii ilizaliwa katika mikono ya mafundi, hata kama leo picha za magazeti ni za nyota tu.

Sisi wa sendika ya mgodi tunaelewa. Mchezo General Hospital unaonyeshwa tangu 1963, siku tano katika juma. Kazi ya namna ile ni sawa na kazi ya poste: leo umemaliza, kesho inakungojea. Taa ikizimika, nyota anabaki katika giza sawa mtu yeyote. Chini ya ardhi vilevile: pompi ikisimama, maji hayaulize nani ni shefu.

Lakini hatupige makofi tukifunga macho. Katika 2023 nyota walipata siku yao tarehe 15 Desemba. Watu wa nyuma walipata ya kesho yake. Ni heshima, lakini ni heshima ya meza ya pili. Tena, sanamu haipikwe katika sufuria. Wale mafundi hawakungojea zawadi juu ya kulinda maisha yao. Sendika yao, IATSE, iko tangu 1893. Katika 2021 watu wake wa kinema na televizio walipiga kura ya kukubali mgomo, juu ya masaa ya kupumzika na mushahara. Mapatano yakafanyika mbele ya mgomo kuanza. Na ile sherehe ya 2023 ilipaswa kuwa mwezi wa sita. Ilisukumwa mpaka Desemba juu ya mgomo wa waandishi, wenye walisimamisha kalamu tangu tarehe 2 Mei mpaka 27 Septemba. Zawadi ilingojea mfanyakazi. Njo maana tunaandika habari hii.

Sasa tuangalie kwetu. Kila tarehe 4 Desemba, Sainte-Barbe, kuna misa, kuna bia, kuna breve na medali. Katika kampuni moja tunayoijua vizuri, mwaka moja tulihesabu: karibu breve zote zilienda katika maofisi. Mzee mmoja wa pompi, mwenye kufanya usiku miaka zaidi ya ishirini, alisimama nyuma akishika viti vya wageni. Na vijana wa su-tretansi, wenye kutoboa mwamba pamoja nasi, hawakuitwa hata kwa chakula.

Tunaomba mambo tatu. Kwanza, zawadi zitolewe kwa kila kazi: pompi, umeme, hewa, kutoboa, jikoni, hospitali. Pili, wenye kuchagua wakuwe wafanyakazi wa kazi ile ile, kwa kura, hapana shefu peke yake. Tatu, watu wa su-tretansi waandikwe kwenye liste moja na sisi, kwa sababu vumbi tunayovuta ni moja.

Wakubwa watasema: mnataka medali ao mushahara? Tunajibu: vyote mbili. Mtu asiye na jina ni rahisi kumukata mushahara, ni rahisi kumufukuza, na siku mwamba unaanguka ni rahisi kumusahau. Jina likiandikwa, mtoto wake anaweza kulionyesha na kudai.

Wamama, leo muchana novela ikiisha, musizime televizio mara moja. Muache yale majina madogo yapite mpaka mwisho. Ni wafanyakazi wenzetu.