Nani Atasimama Chalinze?

Mwamini wa Mbezi, Kimara au Kibamba anayefunga safari ya msiba kwenda Morogoro au Dodoma ana njia mbili siku hizi. Anaweza kupanda basi katika Kituo cha Magufuli pale Mbezi, kilichozinduliwa Februari 2021, akaifuata Barabara ya Morogoro kupitia Kibaha, Mlandizi, Chalinze na Mikese. Au anaweza kurudi mjini akapanda treni ya umeme ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi uliofuata. Treni humfikisha Morogoro kwa muda usiozidi saa mbili. Basi, siku ambayo malori yamefungana njiani, huchukua mara mbili ya muda huo na zaidi. Uchaguzi si mgumu, na hakuna sababu ya kumlaumu anayechagua treni. Mwandishi wa makala haya naye huipanda.

Hata hivyo, vituo vya treni hiyo kati ya Dar es Salaam na Morogoro ni Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere. Mlandizi haimo, wala Chalinze, wala Mikese. Miji ambayo kwa miaka mingi ilikuwa jina la kwanza mdomoni mwa kila msafiri wa bara sasa hata haionekani dirishani.

Aliyewahi kusimama Chalinze anajua mji ule unaishi kwa nini. Basi halijatulia, tayari ndoo na sinia zimeinuliwa hadi madirishani: maji, korosho, mayai ya kuchemsha, machungwa yaliyomenywa. Nyuma ya wachuuzi wako mama lishe na mafundi wa matairi, halafu nyumba za kulala wageni. Chalinze ni njia panda: mmoja anaelekea Morogoro, mwingine anapinda kwenda Segera, Tanga, Moshi na Arusha. Lakini njia panda nayo ilikwisha kupunguzwa kabla ya treni, kwa kuwa barabara ya lami kutoka Bagamoyo hadi Msata inamwezesha mtu wa Bunju na Tegeta kwenda kaskazini bila kupita Chalinze kabisa.

Ruhusa ya mabasi kusafiri usiku, iliyoanza Oktoba 2023 baada ya katazo lililodumu tangu miaka ya 1990, ilitazamiwa kuwa neema kwa wafanyabiashara wa njiani. Kwa wenye hoteli kubwa pengine ni hivyo. Ila abiria wa saa nane za usiku amelala, na abiria aliyelala hanunui machungwa.

Si mara ya kwanza kwa barabara hii kutabiriwa mabaya. Baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru wa upande mmoja Novemba 1965, Zambia ilihitaji njia ya kupitishia mafuta na shaba, na malori yakaanza kupita hapa kwa wingi, katika barabara ambayo sehemu kubwa ilikuwa ya vumbi na tope. Mwaka 1968 likaja bomba la mafuta la TAZAMA. Miaka ya 1970 ikaja reli ya TAZARA. Kila mara ilidhaniwa kwamba malori yatapungua. Hayakupungua. Hadi leo yanatoka bandarini, yanapita upande wa Temeke na Barabara ya Mandela hadi Ubungo, kisha yanaelekea Tunduma. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba barabara itakufa. Kinachobadilika ni aina ya mtu anayepita juu yake. Abiria mwenye haraka kidogo na shilingi elfu mbili mkononi ndiye anayeondoka. Lori zito linabaki, pamoja na moshi wake, hatari zake na dereva wake mchovu aliye mbali na familia. Mji unapoteza wateja huku ukibaki na ajali.

Hapa ndipo inapofaa kuirudia Injili ya Msamaria Mwema, tuliyoizoea hata tukaacha kuisikiliza. Barabara ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko inashuka katika jangwa, na mahubiri yetu huishia kwa watu watatu waliopita. Papa Fransisko aliwatafakari kwa kirefu katika waraka wake Fratelli Tutti wa Oktoba 2020. Lakini yuko mtu wa nne, ambaye kwa kawaida tunamruka: mwenye nyumba ya wageni. Kama pale njiani pasingekuwa na nyumba ile, Msamaria angempeleka wapi majeruhi wake? Dinari mbili zingekuwa na kazi gani? Huruma yake ilihitaji mlango ulio wazi kando ya barabara.

Miji midogo ya njia hii imekuwa mlango huo. Basi linapopinduka, wa kwanza kufika ni muuza mahindi na kijana wa bodaboda, muda mrefu kabla ya gari la wagonjwa. Hospitali ya Tumbi, Kibaha, hupokea majeruhi ambao watu hao wamekwisha kuwavuta kutoka kwenye mabati.

Msomaji atauliza: je, Msamvu? Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka pale Morogoro, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Wengi walikuwa vijana wa bodaboda. Tulisema mengi siku zile, na mengine yalikuwa ya haraka mno. Kuchota mafuta ya lori lililoanguka ni kosa na ni hatari. Hilo halina mjadala. Lakini mtu anayehatarisha maisha yake kwa dumu la petroli anatueleza pia jinsi anavyoishi kando ya utajiri unaopita kila dakika bila kusimama.

Kanisa halikuanza leo kulifikiria jambo hili. Juni 2007 Baraza la Kipapa lililoshughulikia wahamiaji na wasafiri lilitoa mwongozo wa uchungaji wa barabarani, nao haukuishia kwa madereva. Uliwataja pia wanawake wanaouza miili njiani, watoto wa mitaani na wasio na makazi. Kwetu, kuundwa kwa Jimbo la Bagamoyo Machi 2025, kutoka Jimbo Kuu la Dar es Salaam na Jimbo la Morogoro, kumesogeza uchungaji karibu zaidi na ukanda huu. Jumuiya Ndogondogo za vigango vya barabarani zina waamini wanaohama kufuata biashara, na huenda zikahitaji utaratibu tofauti na ule wa parokia zilizotulia za mjini.

Kuna jambo moja la karibu zaidi. Serikali imepanga barabara ya haraka ya kulipia kutoka Kibaha kupitia Chalinze hadi Morogoro, kwa ubia na sekta binafsi. Barabara za namna hiyo huzungushiwa uzio, na dereva hutoka mahali palipopangwa tu. Mahali hapo patakuwa wapi? Vizimba vya maegesho vitatengewa mama lishe wa Mlandizi na Chalinze, au vitakodishwa kwa kampuni moja kubwa yenye jokofu la soda? Nani atahesabiwa kuwa ameathirika: mwenye hati ya kiwanja peke yake, au pamoja naye mwenye sinia? Watu wa Kimara hadi Kiluvya, walioona nyumba zikibomolewa mwaka 2017 kupisha upanuzi wa barabara hii hii, wanajua maswali ya aina hiyo huulizwa lini. Huulizwa kabla ya alama nyekundu kuchorwa ukutani, katika mikutano ya vijiji na kwa madiwani, na katika mikutano hiyo waamini wetu wana viti.