Mchezaji kama Mhakiki: Hoja dhidi ya Walinzi wa Lango la Fasihi

Utangulizi

Katika mji wa Kitengela, kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Namanga, na vilevile mjini Kajiado, makao makuu ya kaunti, vijana wengi hawaimalizi jioni yao kwa kusoma riwaya. Huimaliza mbele ya runinga, kidhibiti mkononi, katika vyumba ambamo michezo ya video hukodishwa kwa mechi au kwa dakika. Humo hubishana. Hubishana kuhusu mchezo upi una ladha, toleo lipi limeharibu sifa ya lile lililolitangulia, na ni nani aliyezielewa kanuni zake. Ubishi huo ni mkali, una mifano, na mara nyingi una hoja. Hata hivyo, kwa wanataaluma wengi wa fasihi ubishi huo ni kelele za wavivu.

Makala haya yanaipinga hukumu hiyo. Dai lake ni kwamba maoni ya wachezaji, hasa juu ya mchezo unaomtaka mchezaji awe mjenzi, yanaweza kuwa uhakiki kwa maana kamili ya neno hilo, na kwamba idara ya fasihi ya Kiswahili inayokataa kuyasoma inaisaliti historia yake yenyewe. Mfano utakaotumiwa ni LittleBigPlanet 2, toleo la pili la mchezo uliobuniwa na kampuni ya Media Molecule ya mjini Guildford, Uingereza, na kutolewa na Sony kwa ajili ya mashine ya PlayStation 3 mnamo Januari 2011.

Mchezo unaojengwa na hadhira yake

Toleo la kwanza lilitoka mwaka 2008, likiwa na mhusika mmoja mkuu, Sackboy, mwanasesere wa nyuzi zilizofumwa, ambaye hukimbia, huruka kutoka jukwaa hadi jukwaa, na hushika vitu na kuvivuta. Lakini kiini cha mchezo huo hakikuwa safari ya mwanasesere. Kiini kilikuwa zana alizopewa mchezaji ili ajenge hatua zake mwenyewe, ambapo hatua ni uwanja mmoja wenye mwanzo, vikwazo na mwisho, kisha azipeleke kwa wachezaji wengine duniani wazicheze na kuzitolea maoni. Toleo la pili lilizipanua zana hizo. Mjenzi aliweza sasa kuunganisha vibao vya mantiki, kuzipangia roboti tabia, na hata kujenga mchezo usiokuwa na kuruka kabisa, kama vile mashindano ya magari au mafumbo. Hatua zilizojengwa katika toleo la kwanza ziliendelea kuchezeka katika la pili.

Wachezaji waligawanyika. Wapo waliolalamika kwamba Sackboy bado anaelea hewani anaporuka, hatui kwa uzito unaotarajiwa. Wapo walioiona hadithi ya toleo la pili kuwa nyembamba, kisingizio tu cha kuzionyesha zana mpya. Wapo pia waliosema kwamba katika mamilioni ya hatua, zile nzuri huzama chini ya zile zilizojengwa kwa pupa ili mjenzi wake akusanye alama za sifa. Wengine waliyajibu malalamiko hayo moja baada ya jingine, na kusisitiza kwamba toleo hili halikukusudiwa kuwa mchezo mmoja bali karakana ya michezo.

Mtu aliyesoma uhakiki atayatambua mambo haya mara moja. Lalamiko la kwanza ni la fani: linahusu uwiano wa mwendo na sikio la ndani la mchezaji, kama vile msomaji wa shairi anavyoshtuka mizani inapopungua. La pili linahusu uhusiano wa fani na maudhui, na linauliza iwapo kazi inaweza kusimama ikiwa maudhui yake yamefanywa mtumwa wa ufundi. La tatu linahusu uteuzi: ni nani anayeamua kazi ipi ibaki na ipi isahaulike, na kwa kipimo gani? Haya ndiyo maswali ambayo idara za fasihi hulipwa kuyauliza.

Aidha, ubishi wenyewe si mgeni katika Kiswahili. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi. Miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi alitoa diwani ya Kichomi iliyoziacha sheria hizo kwa makusudi. Wanamapokeo wakauliza iwapo tungo isiyo na vina na mizani bado ni shairi. Wachezaji waliouliza iwapo hatua isiyo na kuruka bado ni hatua ya LittleBigPlanet waliuliza swali lile lile juu ya kaida na upanuzi wake. Ikiwa mgogoro wa kwanza unastahili tasnifu kadha wa kadha, ni vigumu kuona kwa mantiki gani wa pili unastahili dharau tupu.

Tena mjenzi ana silaha ambayo mhakiki wa darasani hana. Asiyeridhika na hatua ya mwenzake hujenga nyingine inayoijibu. Hivyo ndivyo washairi wa Waswahili walivyofanya kwa karne nyingi. Katika malumbano ya Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu, shairi lilipingwa kwa shairi, na aliyeshindwa kutunga jibu alikuwa ameshindwa hoja. Utengano wa mtunzi na mhakiki, unaochukuliwa leo kuwa sheria ya maumbile, ni desturi ya majuzi tu.

Savana isiyo na mchungaji

Walinzi wa lango husema kwamba maoni ya mchezaji wa Kitengela hayawezi kuongeza chochote juu ya kazi iliyobuniwa Guildford. Ukweli ni kinyume chake. Toleo la kwanza lilimzungusha mchezaji katika sehemu mbalimbali za dunia. Marekani iliwakilishwa na jiji, Japani na wanamieleka wa sumo na ninja. Afrika iliwakilishwa na savana, na wenyeji wake walikuwa wanyama, simba akiwa mfalme wao.

Kitengela ipo ukingoni mwa savana ya kweli. Wanyamapori hutoka katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi na kuelekea kusini kwenye nyanda za Athi na Kapiti wakipita katika ardhi ya watu. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980, na baada ya hapo zikaja hati za mtu mmoja mmoja, uuzaji wa viwanja, na ua. Kuanzia mwaka 2000 uliendeshwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi ili wasijenge ua na wanyama wapite. Juni 2012 wakazi waliwaua simba sita waliokuwa wamevamia mifugo. Kijana aliyekulia hapo anapomwona simba mfalme asiye na mchungaji karibu naye, wala zizi, wala ua, anaona pengo ambalo mchezaji wa mbali huenda asilione. Hans Robert Jauss aliuita msingi wa mwitiko wa namna hii upeo wa matarajio. Upeo huo si ujinga wa kusahihishwa, ni maarifa.

Toleo la pili liliiacha ramani hiyo. Sehemu zake zilipangwa kwa kufuata wavumbuzi, maabara na viwanda vya kubuni. Je, hilo ni pato au hasara? Inawezekana kusema kwamba Afrika iliepushwa na picha finyu. Inawezekana pia kusema kwamba picha finyu haikusahihishwa, bali ilifutwa pamoja na mahali penyewe. Swali hili halikupata nafasi katika maoni yaliyovuma kuhusu toleo hilo, na sababu yake haihitaji utafiti mrefu: waliokuwa na haki ya kwanza ya kuliuliza hawakuwa na jukwaa. Ilhali zana za jibu zilikuwa ndani ya mchezo wenyewe. Mjenzi angeweza kuijenga Kitengela ambamo kikwazo ni ua unaoongezeka kila nyumbu anapopita, na ambamo mchezaji analazimika kuchagua kuwa nyumbu au kuwa mwenye kondoo. Hatua kama hiyo ingekuwa uhakiki wa toleo la kwanza, na uhakiki mkali.

Kwamba sauti ya mchezaji ina uzito, ushahidi upo. Oktoba 2008, siku chache kabla ya toleo la kwanza kuuzwa, Sony iliahirisha mauzo na kuziita nakala zirudishwe baada ya kubainishwa kwamba wimbo mmoja uliomo, wa mwanamuziki wa Mali, Toumani Diabaté, ulikuwa na maneno ya Kurani. Aliyetoa tahadhari alikuwa mchezaji Mwislamu. Mwanamuziki naye alieleza kwamba katika jamii yake si ajabu muziki kupata msukumo kutoka katika dini. Hapa palikuwa na mjadala halisi wa kiujumi na kidini, na msomaji wa Kiswahili, aliyelelewa na tenzi zinazofunguliwa kwa jina la Mungu na kusheheni lugha ya Kurani, alikuwa na la kusema kuliko wengi. Idara zake zilinyamaza.

Hoja za wapinzani

Hoja ya kwanza ya wapinzani ni kwamba mchezo si matini kwa kuwa hausimami juu ya maneno. Wenye hoja hii wamesahau Oktoba 1968, pale Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipodai katika chuo kikuu cha Nairobi kwamba Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Afrika, ikiwemo fasihi simulizi, iwekwe katikati ya masomo. Wakati huo nako kulikuwa na waliosema kwamba ngano ya jioni si fasihi kwa kuwa haikuandikwa. Warithi wa ushindi ule ndio wanaolinda lango leo, kwa hoja ya wale walioshindwa.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: kwamba mchezo ni bidhaa ya ubepari wa kimataifa. Ni kweli, na ndiyo sababu unahitaji uhakiki. Utazamwe mfumo wa chumba cha kukodi. Anayelipa kwa dakika hawezi kujenga, kwa maana ujenzi wa hatua moja hula saa na siku. Hucheza mpira, kwa kuwa mechi ina mwisho unaolingana na sarafu yake. Hivyo kijana wa Kitengela hufanywa mlaji wa michezo na huzuiwa kuwa mjenzi, si kwa kukosa kipaji bali kwa bei ya muda. Hakuna atakayeligundua hilo kwa kukataa kuingia chumbani.

Hoja ya tatu ni kwamba ujenzi wa aina hii ni jambo la kigeni. Lakini watoto wa Kimaasai wamejenga maboma madogo kwa vijiti na kuyajaza ng'ombe wa mawe tangu kale, na wenzao wakayakosoa. Na watu wazima wameketi mbele ya enkeshui, bao la Kimaasai, wakihesabu na kubishana. Kucheza, kujenga na kuhukumu havikuletwa na umeme.

Inafaa kukubali jambo moja. Si kila maoni ya mchezaji ni uhakiki. Anayemtukana mbunifu kwa sababu ameshindwa kuvuka kikwazo hajahakiki chochote. Uhakiki huanza pale mtu anapoonyesha kitu mahususi katika kazi, akataja kaida anayoipimia, na akakubali kujibiwa. Kipimo hiki ndicho hicho kinachotumiwa kwa makala za wanataaluma, na si makala zote hukifikia.

Hitimisho

Septemba 2021 Sony ilitangaza kwamba seva za michezo hii katika PlayStation 3 zimefungwa moja kwa moja. Hatua nyingi ziliokolewa na wapenzi wa mchezo waliozihifadhi kwa hiari yao. Vyuo vikuu havikuwa na mkono katika kazi hiyo. Mashairi ya Muyaka nayo yangeweza kupotea baada ya kifo chake, kama Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor wasingeyakusanya kutoka vinywani mwa watu. Wakati ule alikuwepo aliyeamini kwamba ubishi wa watu wa mjini una thamani ya wino.

Yanayotakiwa si makubwa. Mwanafunzi wa uzamili anayetaka kuandika kwa Kiswahili juu ya maoni ya wachezaji wa Kitengela au Kajiado apewe msimamizi badala ya mzaha. Istilahi zitafutwe, kama zilivyotafutwa za isimu na za nadharia ya fasihi, kwa kuanzia na zile ambazo wachezaji wenyewe wanazo. Na mwalimu wa uhakiki, kabla ya kutoa hukumu yake, alipie dakika chache katika chumba kimojawapo, aketi, na asikilize.