Deki ya DVD: Muuzaji aulize kwanza runinga ya mteja

BIASHARA ya deki za DVD katika miji kama Kilosa na Mikumi si ile ya zamani. Filamu nyingi sasa husafiri kwenye simu na flashi, na mwenye duka anayejaza rafu kwa deki za aina moja anajitafutia mtaji mfu. Hata hivyo, mteja bado yupo. Ana CD za kwaya, za filamu za Kiswahili, pengine na ya msiba wa mzazi wake, ambayo haina nakala popote. Mteja huyo anastahili deki inayofaa nyumba yake, wala si ile tu ambayo muuzaji anataka iondoke.

Jambo la kwanza ni runinga. Runinga ya kichogo hupokea nyaya tatu: ya njano kwa picha, nyekundu na nyeupe kwa sauti. Deki yenye tundu la HDMI pekee haiwezi kuiendesha bila kigeuzi, nacho ni gharama nyingine. Mwenye runinga bapa achukue yenye HDMI, kwa kuwa waya mmoja hubeba picha na sauti. Lakini asilipe zaidi kwa ahadi ya picha ya HD. DVD ya mfumo wa PAL ina mistari 576 tu ya picha. Deki huikuza, haiongezi kisichokuwemo. Na kama runinga ina tundu la USB na inasoma flashi za mteja, naye hana CD yoyote, haki ni kumwambia kwamba hahitaji deki.

Pili ni CD zenyewe. DVD ilipoingia sokoni Japani mwaka 1996, kampuni za filamu ziliigawa dunia katika kanda. Tanzania ipo kanda ya 5 pamoja na India, wakati Oman na Falme za Kiarabu zipo kanda ya 2. Ndiyo sababu filamu halisi iliyonunuliwa Dubai inaweza kukataliwa na deki iliyofungiwa kanda ya 5. Mnunuzi atafute inayosoma kanda zote, pamoja na VCD za zamani na nyimbo za MP3.

Tatu ni umeme. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Deki iliyoletwa kutoka Marekani ikiwa imeandikwa volti 120 pekee itaungua siku ya kwanza. Salama ni yenye maandishi 100–240 nyuma. Kwa nyumba za vijijini zinazotumia sola, deki ya volti 12 huchukua moto moja kwa moja kwenye betri bila kuhitaji inveta.

Kwa mfanyabiashara, hesabu ni bayana. Mikumi ipo kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa, na treni ya SGR ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza mwaka 2024, inapita Kilosa. Mteja anayetaka bei ya Kariakoo anaweza kuifuata mwenyewe. Duka la hapa halitashinda kwa bei. Litashinda kwa kumjaribishia mteja CD yake mwenyewe kabla hajalipa, na kwa kuipokea deki inapogoma.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la biashara hii liandike pia kila anayeuliza deki ana runinga ya aina gani na umeme gani. Mwenye uwezo wa kununua deki 20 aanze na chache zenye nyaya tatu, HDMI na USB kwa pamoja, kisha daftari limwongoze katika safari ya pili.

Faida nyingine ipo katika kuhamishia CD za harusi na misiba kwenye flashi kwa malipo. Hiyo ni mali ya familia yenyewe. Filamu za watu ni jambo jingine, kwani zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999. CD huchubuka na deki huchakaa; familia iliyosaidiwa kuokoa kumbukumbu yake itarudi dukani hata siku deki zitakapokwisha sokoni.