Nani Atausemea Mfereji wa Wote?

Imekuwa ada yetu sisi wa Kidato cha Nne, kila tukikaribia kuaga skuli, kuandika katika gazeti hili juu ya faida za elimu au ubaya wa uvivu. Mambo hayo ni mema, na wenzangu wameyaeleza vizuri kuliko nitakavyoweza mimi. Lakini muhula huu naomba ruhusa ya walimu wetu, wazee wetu na wanafunzi wenzangu, niseme juu ya jambo ambalo sote tunalitumia na wachache tunalifikiria, nalo ni vitu vya wote. Nakusudia maji ya mfereji, skuli, hospitali, umeme na viwanja vya kuchezea. Vitu hivi hulindwa na nani? Na vinapopotea, hupotea vipi?

Kwanza yafaa tukumbuke vilikotoka. Watu wa Mji Mkongwe hapo kale walitegemea visima, mpaka Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kutoka mwaka 1870 hadi 1888, alipoyaleta mjini kwa mabomba maji ya chemchem iliyokuwa nje ya mji. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, elimu bila malipo ilitangazwa tarehe 23 Septemba ya mwaka ule ule, na matibabu bila malipo yakafuata mwaka 1965. Bibi zetu waliokuwa wasichana wakati ule wanaweza kutueleza maana yake, kwani wengi wao ndio waliokuwa wa kwanza katika ukoo kushika kalamu. Basi vitu hivi havikuota kama majani. Vilianzishwa na watu kwa mali na kwa jasho, na kilichoanzishwa na watu huweza pia kuachwa na watu kikafa.

Wengi hudhani kuwa huduma ya umma hukatwa kwa tangazo, siku moja, mbele ya macho ya kila mtu. Aghalabu si hivyo. Katika miaka ya 1990, hali ya uchumi ilipokuwa nzito, wazee wetu walianza kutakiwa michango katika skuli, na michango hiyo ilikaa miaka mingi kabla ya kuondolewa. Hapakuwa na siku ambayo mtu alisimama akasema kuwa neno la mwaka 1964 limefutwa. Ilikuwa leo chaki, kesho dawati, keshokutwa mlinzi. Mwenye nacho alilipa akanyamaza, na asiye nacho alimweka mtoto nyumbani akanyamaza vile vile.

Nitatoa mfano wa kijijini kwetu, kaskazini ya Unguja. Palikuwapo mfereji mmoja wa wote, karibu na msikiti. Maji yalikuwa yakitoka asubuhi na jioni. Kisha yakawa ya asubuhi tu, kisha siku moja kwa siku mbili, na mwishowe yakawa yanakuja usiku wa manane kwa saa moja au mbili, na ambaye hakukesha hakupata. Wanaokesha kwa ajili ya maji, wasomaji wote wanajua, ni wanawake na watoto wa kike. Mimi nilikuwa mmojawapo, nikiwa darasa la saba, na mara nyingi nilisinzia darasani asubuhi yake. Wenzangu wawili waliokuwa wakichota nami walianza kwa kuchelewa skuli, wakaendelea kwa kukosa siku moja moja, na baada ya mwaka hawakuonekana tena.

Je, wakubwa wa kijiji walifanya nini? Kila mwenye uwezo alijisaidia. Mwenye duka alichimba kisima chake na kutia pampu. Mwalimu mmoja alinunua tangi kubwa, akawa analipa gari la maji lije kumjazia. Bwana mmoja aliyestaafu ukarani aliletewa tangi na mwanawe aliye ng'ambo. Siwalaumu hata kidogo, kwani kila mtu ana watoto wa kuwaogesha. Lakini tazameni ni watu gani hao. Ni wale wale wanaojua kuandika barua, wanaoijua ofisi na mlango wake, ambao Sheha akiwasikia hukaa kitako. Walipokwisha kupata maji yao hawakuja tena mikutanoni, na mkutano wa maji ukabaki wa akina mama na sisi watoto wenye madumu. Hapo ndipo mfereji wetu ulipokufa hasa, kwa sababu ulikosa msemaji.

Hili ndilo neno langu kubwa leo. Kitu cha wote huanza kufa siku ile ambayo wenye sauti hawakihitaji tena. Wenye gari wakiacha kupanda daladala, nani atauliza juu ya barabara ya shamba? Wenye fedha wakitibiwa wote katika hospitali za kulipia, nani atauliza kwa nini dawa zimekwisha? Na wakubwa wote wakipeleka watoto wao skuli za kulipia, nani ataangalia kama sisi wa skuli za Serikali tuna mwalimu wa fizikia?

Tena mtu asijidanganye kuwa akijitosheleza mwenyewe basi amesalimika. Maji ya Unguja hutoka chini ya ardhi, na huvutwa kwa pampu za umeme. Kutoka mwezi wa Mei hadi Juni mwaka 2008, na tena kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa chetu kilikosa umeme kwa sababu ya hitilafu katika njia inayouleta kutoka Bara. Wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa au tulikuwa tukibebwa mgongoni, lakini wazee wanasimulia. Umeme ulipokatika, pampu zilisimama. Pampu ziliposimama, mifereji ilikauka. Na mwenye jenereta naye alichoka kununua mafuta. Waya mpya na mkubwa zaidi uliopita chini ya bahari ulianza kazi mwaka 2013. Funzo ni kuwa huduma zimeshikana mikono, na zikianguka hazimchagui mtu.

Wapo watakaosema, "Watu wadogo wataweza nini?" Historia inajibu. Hapa hapa mjini, mwaka 1928, watu wa Ng'ambo, wanawake kwa wanaume, walikataa kwa pamoja kulipa kodi ya ardhi iliyokuwa ikipandishwa na wenye viwanja, mpaka serikali ya kikoloni ikalazimika kuweka sheria ya kuizuia kodi hiyo. Ile ilikuwa kodi, wala si huduma, lakini inaonyesha kuwa watu wa kisiwa hiki wanajua kusimama pamoja. Kwa majirani zetu wa Kenya, mwaka 1989, Bi Wangari Maathai alipinga jumba la ghorofa sitini lisijengwe ndani ya Uhuru Park, bustani ya wananchi wa Nairobi. Alitukanwa na kubezwa, lakini jumba halikujengwa, na watu wanapumzika pale hata leo.

Na mwezi wa Januari 2015, wanafunzi wa skuli ya msingi ya Lang'ata Road, huko huko Nairobi, walirudi kutoka likizo wakakuta ukuta umezungushwa kwenye uwanja wao wa michezo. Wakaandamana, wakausukuma ukuta ukaanguka, na polisi wakawapiga kwa moshi wa machozi. Dunia nzima iliona picha zile, na Serikali ya Kenya ikakiri kuwa uwanja ni wa skuli. Siwaambii wanafunzi wenzangu waende kusukuma kuta. Nasema kuwa si haki kazi ya namna ile kuachiwa watoto wadogo, na kwamba ukuta ukikwisha simama, kuuangusha kuna maumivu. Waswahili walisema zamani, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami naongeza kwamba mara nyingine usipoziba ufa, mwingine atakujengea ukuta.

Wala tusidhani kuwa jambo hili ni la nchi maskini tu. Katika mji wa London, mahali paitwapo Kensal Rise, palikuwapo maktaba iliyofunguliwa mwaka 1900 na Mark Twain, mwandishi mashuhuri wa Marekani. Mwaka 2011 baraza la mtaa ule liliifunga ili kupunguza matumizi. Wakazi walikwenda mahakamani wakashindwa, lakini hawakukata tamaa, wakaweka vitabu nje kando ya jengo na kuazimana wenyewe kwa wenyewe. Baada ya miaka mingi walipata nafasi ndani ya jengo lile, ambalo sehemu yake kubwa ilikuwa imegeuzwa nyumba za kukaa, na maktaba sasa huendeshwa kwa kujitolea. Nawasifu sana watu wale. Walakini tukumbuke ya kuwa walichopata si kile walichopoteza. Kulinda kilichopo ni kazi nyepesi kuliko kufufua kilichokufa.

Sasa nijibu hoja mbili ambazo nimezisikia nyumbani na hata darasani. Ya kwanza ni kuwa Serikali haina fedha za kutosha. Huenda ni kweli, na hatuna budi kuwa waadilifu hapa. Maji yana gharama yake, yaani umeme wa pampu, mabomba na mishahara ya mafundi. Anayejiunganishia maji kwa siri usiku, au anayeacha bomba lililopasuka likimwaga maji barabarani wiki nzima kwa sababu si la nyumbani kwake, naye anakata huduma, ingawa hana ofisi wala muhuri. Mwenye uwezo na alipe ankara yake, kisha aulize kwa kinywa kipana fedha zimekwenda wapi. Lakini yule mama asiye na kitu asifungiwe mfereji, kwani kiu haingoji mwisho wa mwezi.

Hoja ya pili ni ya woga. Watu husema kuwa kuomba maji ni siasa, na siasa katika visiwa vyetu imewahi kugombanisha hata ndugu wa tumbo moja. Nami nasema maji hayana rangi ya chama. Dumu la mama wa chama hiki na dumu la mama wa chama kile yamepangwa katika foleni moja, na yote ni matupu. Tukiacha kuuliza kwa kuogopa kuitwa wanasiasa, tutakuwa tumewaachia wanasiasa peke yao jambo lililo letu.

Basi tufanye nini? Kwanza, tuandike. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kijijini kwetu jambo lilianza kugeuka pale msichana mmoja wa Kidato cha Pili alipochukua daftari la kurasa arobaini na nane, akawa anaandika kila siku maji yametoka saa ngapi na yamekatika saa ngapi. Baada ya miezi miwili akina mama walilipeleka kwa Sheha, na safari hii waliwafuata nyumbani wale mabwana watatu wenye matangi, wakawaomba watangulie mbele. Walitangulia. Ofisini hawakuweza kuambiwa, "Tutaangalia," kwa sababu daftari lilikuwa limekwisha kuangalia. Mafundi walikuja, na leo maji yanatoka siku nne kwa wiki, mchana. Si mengi, lakini msichana anaweza kulala usiku akaamkia skuli.

Pili, tuombe kwa wakati. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe mosi Julai, na bajeti hujadiliwa katika Baraza la Wawakilishi kabla ya siku hiyo. Anayengoja mpaka Agosti kumwambia Mwakilishi wake kuwa skuli haina paa amekuja baada ya chakula kupakuliwa. Mzee mwenye haja na aseme mapema, kwa barua, tena kwa majina mengi.

Tatu, na hili nalisema kwa heshima kwa wazee wetu wenye uwezo: msitoke katika foleni. Nunueni matangi, chimbeni visima, hapana awezaye kuwazuia. Lakini siku ya mkutano wa mfereji njooni mkae mbele, kama kwamba nyumbani kwenu hapana hata tone. Sauti zenu ndizo zinazosikika, na sisi tunazihitaji kuliko maji ya msaada mnayotugawia milangoni mwenu.

Kwa wanafunzi wenzangu, nasema hivi. Sisi tunaokaa dakhalia tunasomeshwa kwa fedha za wavuvi, wakulima wa mwani na wauza samaki wa Darajani, ambao wengi wao hawakuwahi kukaa katika kiti cha Kidato cha Nne. Mwenyezi Mungu akitujaalia tukafaulu, baada ya miaka michache sisi ndio tutakaokuwa wenye matangi. Sisi ndio tutakaojua kuandika barua na kuijua ofisi na mlango wake. Siku hiyo kila mmoja wetu ataulizwa na dhamiri yake, je, yumo katika foleni, au ametoka?

Haya ndiyo maoni yangu. Mwenye maoni mengine naaandike katika toleo la muhula ujao, nasi tutayasoma kwa furaha.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne