Foleni ya Bandarini Inatuhusu Hadi Sisi Tulioko Hosteli

Baba yangu ni dereva wa roli la masafa. Anapakia Dar, anavuka Tunduma, anakwenda kushusha Lubumbashi. Analipwa kwa tripu, na sehemu ya ada ambayo mkopo wangu hauifikii inatoka kwenye tripu hizo.

Nilipokuwa mwaka wa kwanza, alikaa siku tatu nje ya yadi moja ya makontena akisubiri zamu ya kupakia. Alilala kwenye kebini. Usiku walipokezana na utingo wake kulinda dizeli isinyonywe. Siku ya pili akanipigia: "Mwanangu, hiyo ada mwambie mhasibu anivumilie kidogo." Nikasajili kwa kuchelewa.

Siku zile niliona ni bahati mbaya ya familia yetu tu. Leo naamini foleni ile ilibeba mambo yote matatu ambayo sera za bandari huyaimba: ushindani, usalama na nishati safi. Tukiyatenganisha, kila moja litakuwa na kongamano lake na foleni itabaki palepale.

Tuanze na ushindani. Bandari ya Dar es Salaam inahudumia Zambia, Congo, Rwanda, Burundi, Malawi na Uganda. Hakuna sheria inayowalazimisha majirani hawa kupita kwetu. Shaba ya Congo inaweza kutokea Durban, Walvis Bay, Beira au Lobito kule Angola. Mwenye mzigo anapiga hesabu ya siku na gharama, basi. Undugu wetu hauingii kwenye ankara yake.

Usalama nao si ukuta na askari peke yake. Agosti 4, 2020 bandari ya Beirut ililipuka na kuua watu zaidi ya 200. Chanzo kilikuwa tani 2,750 za amonia naitreti zilizokaa ghalani kwa takriban miaka sita huku maofisa wakiandikiana barua. Mzigo unaokaa bila mtu wa kuuwajibikia ni hatari, uwe wa kulipuka au wa kuibwa. Na tukisema kompyuta ndiyo dawa, tukumbuke Afrika Kusini: Julai 2021 mifumo ya Transnet ilishambuliwa na wadukuzi, na kazi za makontena zikakwama, Durban ikiwemo. Mfumo usio na njia mbadala ni foleni nyingine inayosubiri siku yake.

Halafu moshi. Meli ikishafunga gatini haizimi kila kitu. Inaendelea kuunguza mafuta ili ipate umeme wa taa, pampu na majokofu ya mizigo. Nje ya geti nako maroli yananguruma. Wanaouvuta moshi huo ni mama ntilie, makuli na watoto wanaosoma jirani. California ilianza kuzibana meli zitumie umeme wa nchi kavu tangu 2014, na Ulaya imeweka 2030 kuwa mwaka wa meli za makontena na za abiria kufanya hivyo kwenye bandari zake kubwa. Sisi tuna Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, na SGR inapeleka abiria Dodoma kwa umeme tangu 2024. Umeme huo uende hadi gatini.

Najua utakachosema: umeme wenyewe unakatika, meli nyingi hazina hata pa kuchomeka, na gharama ni kubwa. Ni kweli. Ndiyo maana sisemi tufunge mitambo yote kesho. Nasema kila gati linalojengwa au kukarabatiwa liachiwe njia ya nyaya kabisa, maana kuja kuvunja zege baadaye ni ghali zaidi. Na kupanga maroli yaitwe kwa saa, badala ya kujazana getini tangu alfajiri, hakuhitaji bwawa lolote.

Nakiri pia kwamba hoja yangu inanigusa nyumbani. Kontena likipanda treni ya umeme, kuna roli litakosa mzigo, na huenda likawa la baba. Nilimwuliza. Akasema bora tripu fupi nne, za kuchukua mizigo stesheni na kuifikisha kwa mwenyewe, kuliko ndefu moja ya kusota. Lakini akaongeza: "Watuambie mapema, wasitushtukize." Nadhani sera nzuri ingeanza na sentensi hiyo.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 2023 Bunge liliporidhia makubaliano ya bandari na Dubai mwezi Juni, na mkataba na DP World wa miaka 30 ukasainiwa Oktoba, vyuoni tulibishana hadi usiku. Nami nilibishana. Wengi tuligombania mwekezaji ni nani. Wachache sana waliuliza tutampimaje.

Nasoma Elimu. Ukipeleka andalio la somo bila sehemu ya tathmini, mkufunzi analirudisha hapo hapo. Somo la dakika 40 linadaiwa kipimo, iweje bandari ya taifa isidaiwe?

Basi ningependa tudai namba tatu, zitangazwe kila wiki, anayeendesha gati awe mgeni au mzawa: meli inasubiri nangani siku ngapi, kontena linakaa bandarini siku ngapi, na roli linasubiri getini saa ngapi. Namba zikishuka, mzigo unakuja, wezi wanakosa nafasi na moshi unapungua. Zikipanda, tutajua nani wa kumuuliza, na tutamuuliza tukiwa na ushahidi mkononi badala ya kelele za kijiweni.

Serikali yetu ya wanafunzi hualika wageni kila muhula. Safari hii ialike watu wa bandari, na kiti kimoja apewe dereva. Wa kumleta ninaye.